Kamati Ndogo ya Mvua Yazinduliwa Katoro

(Hotuba ya Mheshimiwa Ndaki, Mwenyekiti wa Kudumu wa Jumuiya ya Wasikilizaji wa Roki Ndefu, Katoro na Viunga Vyake, aliyoitoa jioni moja katika uwanja wa mnada, Katoro, siku ya kuzindua bendi ya Jumuiya.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametutumia salamu za kutokuwepo kwake. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amepata udhuru akiwa njiani, maeneo ya Buseresere. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati ya Majina, na wa Kamati ya Kupitia Kazi za Kamati ya Majina. Ndugu yetu Shaaban, Katibu Mkuu na mpiga gitaa mteule. Binti yetu Dorah, mpiga kinanda mteule, ambaye namwona ameshakaa kwenye kinanda kabla hajaitwa. Mama Shadya, mmiliki wa viti tulivyovikalia. Wawakilishi wa maduara ya dhahabu na wenye makarasha ya kusagia mawe, ambao nawashukuru kwa kuzima mashine zao kwa muda ili sauti yangu ifike. Vijana wetu wa bodaboda wa kijiwe cha njia ya Ushirombo. Wauza dagaa, ambao mnaendelea kuuza wakati nazungumza, na nalitambua hilo. Na kwa namna ya pekee kabisa Mzee Mabula, baba mzazi wa Dorah, uliyetoka Didia, kule Shinyanga, na basi la alfajiri kuja kushuhudia tukio hili: naomba kusema kwamba itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mama Shadya: "Mimi viti vyangu navitaka kabla ya magharibi!")

Hoja ya viti imepokelewa na itafanyiwa kazi.

Ndugu wananchi, siku ya leo ni siku ambayo wajukuu zetu watatuuliza, "Babu, ulikuwa wapi siku ile?" na sisi tutawajibu, pasipo hofu wala kificho, kwamba tulikuwa hapa uwanja wa mnada, kwenye viti vya Mama Shadya, tukizindua bendi ya kwanza ya roki ndefu katika ukanda wote huu wa dhahabu na pamba, bendi ambayo mchakato wake umekuwa shirikishi, umeshusha vishen, yaani maono, mpaka ngazi ya kijiwe, umewagusa wadau na mastekiholda wote, na mpaka ninaposimama mbele yenu umefikia asilimia tisini na mbili ya utekelezaji. (Makofi. Sauti: "Nane zilizobaki ni zipi?") Nane zilizobaki, ndugu yangu uliye juu ya pikipiki, ni upigaji wenyewe. (Kicheko.)

Kwa faida ya wageni, na hasa Mzee Mabula, niseme kwa ufupi roki ndefu ni nini. Roki ndefu ni muziki wa magitaa na vinanda kutoka ng'ambo, ambao wimbo wake mmoja unaweza kuanza wakati unabandika wali jikoni na ukaisha wakati umeshakula, umeshaosha sufuria na umeshaanza kuulizia chakula cha usiku. Mdundo wake hauendi kwa mapigo ya nne nne kama hii miziki yenu ya kwenye spika za bodaboda. Unakwenda saba, ukichoka saba unakwenda kumi na moja, halafu unasimama kabisa, mnadhani umekwisha, mnapiga makofi, kumbe ulikuwa unavuta pumzi. (Kicheko.) Msicheke. Ni watu wangapi hapa Katoro wameaibika kwa kupiga makofi katikati ya wimbo? Mimi mwenyewe niliaibika mara ya kwanza, na tangu siku hiyo sijampigia mtu makofi mpaka anyanyuke aondoke.

Muziki huu ulinifikia, kama mnavyojua wale mnaopita nyumbani kwangu, wakati nikiwa karani wa pamba. Kulikuwa na fundi mmoja wa mashine, mgeni, aliyekuja kutengeneza mtambo wa kuchambua pamba, akamaliza kazi, akaondoka, akasahau kaseti kwenye dirisha la ghala. Karatasi ya ile kaseti ilikuwa imefutika yote kwa jasho la mikono yake, hakuna jina la bendi, hakuna jina la wimbo, hakuna kitu. Niliiweka kwenye redio ya ofisi. Mwimbaji hakutokea mpaka dakika ya kumi na moja, na alipotokea akaimba maneno machache tu, akanyamaza tena. Ndugu wananchi, nililia. Nililia nimekaa juu ya robota la pamba, mtu mzima mwenye familia, na mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani. (Mama Shadya: "Pole, baba.")

Ahsante. Kutokana na uzoefu huo, ndipo ilipoasisiwa Jumuiya yetu, yenye makao makuu sebuleni kwangu, na ndipo tulipojiwekea katiba, ambayo naomba nisome ibara tatu za msingi ili kuwajengea uwezo. Ibara ya kwanza: wimbo ukianza haukatizwi, na mwanachama atakayezungumza wimbo ukiwa unaendelea, awe na cheo gani, uanachama wake utakoma hapohapo. Msidhani hili ni la kwenye karatasi. Yupo mwalimu mmoja, mtu wa heshima zake, aliyeuliza tu, "Wataanza kuimba saa ngapi?" Tulimsindikiza mpaka mlangoni. Yupo na mwingine aliyepiga chafya. Suala lake bado liko kwenye kamati. (Kicheko.)

Ibara ya pili: mtu anayejua jina la bendi amechelewa. Hili linahitaji ufafanuzi. Sisi tumeuchunguza muziki wa dunia hii, na tumegundua kwamba bendi ikishajulikana jina, inaanza kupiga nyimbo fupi, watu wanaicheza harusini, na mwisho wake unaikuta kwenye spika ya muuza simu. Ndiyo maana kaseti yetu imebaki safi. Haina jina, hakuna mtu wa kuiharibu.

Ibara ya tatu, ambayo ndiyo roho ya shughuli ya leo: bendi ya Jumuiya haitapiga wala kufanya mazoezi kabla haijapata jina, na jina halitakuwa halali iwapo litapendwa na mtu wa kawaida. (Minong'ono. Sauti: "Mtu wa kawaida ndiye nani?") Swali zuri sana. Mtu wa kawaida, kwa tafsiri ya katiba, ni wewe.

(Kicheko kirefu. Honi za pikipiki.)

Tumeweka utaratibu wa kisayansi. Kamati ya Majina ikishapendekeza jina, Katibu Shaaban analipeleka kijiweni, kwa vijana wa bodaboda, analisema mara moja kwa sauti ya kawaida, anasubiri. Kijana hata mmoja akisema, "Hilo limekaa poa," jina linarudi kamatini na kufutwa. Utaratibu huu umetugharimu. Tulianza na jina Jiko la Pembe Tatu. Shaaban hajamaliza kulitamka, kijana mmoja akalipigia honi. Tukaja na Kimya Kilichokaangwa, tukiwa na uhakika kwamba hakuna binadamu atakayelielewa. Leo hii ukienda Buseresere kuna banda la chipsi limeandikwa Kimya Kilichokaangwa, na foleni yake inafika barabarani. Tukasema basi, tushuke chini kabisa, tukatunga Punda wa Mwisho Kufika. Geukeni nyuma. Someni ile pikipiki nyekundu, pale kwenye madigadi. (Watu wanageuka. Kicheko. Mwenye pikipiki nyekundu anainuka na kuinama kwa heshima.) Unaona, kijana? Ile ilikuwa bendi yangu.

Hata hivyo hatukukata tamaa, kwa sababu kulikuwa na watu walioweka maisha yao kwenye jambo hili, na hapa nataka nimtaje binti yetu Dorah. Dorah alikuja Katoro kwa shangazi yake akitokea Didia, akawa anapiga kinanda kanisani. Nilimsikia siku ya mazishi ya jirani yetu. Wimbo wa kutolea jeneza ulikwisha, yeye akaendelea, akaongeza na mahali ambapo hapakuwa na wimbo, watu wa jeneza wakasimama mlangoni hawajui watoke au wabaki. Nikajua huyu ni wa kwetu. Nikamwita sebuleni, nikamsikilizisha kaseti, hakupiga hata chafya. Tukamteua. Tangu siku hiyo kila baba yake akipiga simu kumuuliza, "Unafanya nini huko mjini?" yeye anajibu, "Niko kwenye bendi, baba." Na ni kweli. Kwa mujibu wa muhtasari wa vikao, yuko kwenye bendi.

Sasa asubuhi ya leo nilikwenda stendi kumpokea Mzee Mabula. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba," akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nami nikajibu kama inavyostahili. Halafu akaniuliza, "Hii bendi inapiga?" Nikamweleza kwa kirefu kuhusu mkakati, na upembuzi yakinifu, na changamoto za majina. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mheshimiwa, sikuuliza mpango. Nimeuliza inapiga?" (Kicheko. Makofi.) Nikamwambia, "Mzee, jioni utasikia kwa masikio yako." Naye akasema neno ambalo nalirudia hapa mbele ya hadhara ili kila mtu aelewe uzito wa shughuli hii. Alisema akiisikia bendi, binti atabaki Katoro na baraka zake zote. Asipoisikia, wanarudi wote Didia na basi la leo jioni, mpunga uko shambani unamngoja mvunaji. Na begi la Dorah, ndugu wananchi, lile pale chini ya jukwaa, limeshafungwa kamba. (Mama Shadya: "Basi mwacheni mtoto apige!")

Mama Shadya, kila jambo lina hatua zake. Nawaomba tuvumiliane, kwa sababu tumefika kwenye kilele cha shughuli. Baada ya vikao ambavyo sitavihesabu, Kamati ya Majina ilikuja na jina ambalo, kwa kweli, halina mvuto wowote. Ni jina kavu. Nilipolisikia mara ya kwanza nilisinzia, nikajua tumepatia. Katibu Shaaban akalipeleka kijiweni, akalitamka, na hakuna aliyegeuka. Ni kweli kwamba wakati huo vijana walikuwa wamekusanyika kwenye simu ya mwenzao wakitazama mpira, lakini Kamati ilijiridhisha kwamba ukimya ule ulikuwa wa kutopenda. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na Jumuiya, na Dorah ukae tayari, Shaaban washa jenereta, natangaza rasmi kwamba kuanzia dakika hii bendi yetu itajulikana kwa jina la Kamati Ndogo ya Mvua!

(Mkulima mmoja nyuma: "Hiyo ndiyo kamati tunayoitaka!" Kicheko, vigelegele, honi za pikipiki. Mama Shadya amesimama juu ya kiti chake: "Kamati Ndogo ya Mvua!" Umati: "Hoyee!")

Ndugu wananchi. Ndugu wananchi, naomba utulivu. Naomba msilipende.

("Kamati ya Mvua!" "Ilete!" "Huku kwetu mahindi yamekauka, ianze kazi leo leo!")

Ndugu wananchi, nawasihi, fikirini vizuri, ni jina baya. Ni kamati tu. Ndogo. Nani kati yenu aliwahi kupenda kamati? Kijana, shuka, usiandike hapo kwenye pikipiki, bado halijapita! (Shaaban: "Hoja ya utaratibu, Mwenyekiti.") Katibu, keti. (Shaaban: "Ibara ya tatu, Mwenyekiti. Jina limependwa. Limependwa hadharani.") Nimesikia. (Shaaban: "Hata mimi nimeanza kulipenda.") Nimesikia, Shaaban! Kila mtu amesikia!

(Mzee Mabula anasimama. "Mheshimiwa, sasa bendi iko wapi?")

Mzee wangu, naomba unielewe. Mimi ni mtu wa katiba. Nimewafukuza watu kwa katiba hii, siwezi kuikanyaga leo kwa sababu wewe umetoka mbali. Jina limependwa, jina limefutika. Bendi isiyo na jina haipo, haiwezi kupiga, na kwa kuwa haikuwa nalo jana wala mwaka juzi, basi ni wajibu wangu kama kiongozi muwazi kusema kwamba kisheria haikuwahi kuwapo. Hatukuwahi kufanya mazoezi. Shaaban hana nyuzi kwenye gitaa. Mpiga ngoma mteule tulikuwa hatujamteua. Asilimia tisini na mbili niliyoitaja ilikuwa ya majina. Sijui niseme nini zaidi, mzee. Nilitaka sana iwepo.

(Mzee Mabula anaenda taratibu chini ya jukwaa, analichukua begi. Kutoka stendi ya jirani, sauti ya kondakta: "Kahama, Shinyanga! Shinyanga, la mwisho hilo!")

Kwa hayo machache, ndugu wananchi, naomba nihitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Jina kwanza!" nyinyi mtaitikia "Muziki baadaye!" Jina kwanza! (Umati: "Muziki sasa!") Siyo hivyo. Jina kwanza! ("Muziki sasa!") Roki ndefu! ("Ianze!") Naona semina haikueleweka. Basi niende moja kwa moja kwenye neno la shukrani, na nianze kwa kumshukuru Mgeni Rasmi kwa...

(Kinanda.)

Dorah. Dorah, binti yangu, bado nashukuru. Hatujafika hapo kwenye ratiba, na hata ratiba yenyewe imeshafutika. Ndugu wananchi, hiki mnachokisikia siyo bendi, naomba ieleweke hivyo, hii ni kama majaribio ya spika. Shaaban, zima jenereta. Shaaban! (Shaaban ameweka kidole mdomoni. Anaonyesha katiba. Ibara ya kwanza.)

Naifahamu. Niliiandika mimi.

Lakini nimalizie shukrani, kwa sababu hotuba nayo ina heshima yake. Nawashukuru wenye makarasha. Namshukuru Mama Shadya, ambaye naona magharibi inaingia na viti vyake hajavidai. Nawashukuru wauza dagaa, ambao kwa mara ya kwanza leo mmeacha kuuza. Wewe mwenye pikipiki nyekundu, usipige makofi, hajamaliza, hapo anavuta pumzi tu. Subiri. Subiri... hapo. Umesikia? Inakwenda saba. Nani amemfundisha saba huyu mtoto, wakati sisi hatukuwahi kufanya mazoezi hata siku moja? Na hiki si cha kwenye kaseti. Nakijua cha kwenye kaseti kama ninavyoijua nyumba yangu. Dorah, huu ni wimbo gani? Unaitwaje?

(Dorah, bila kuinua macho: "Hauna jina.")

Hauna jina.

(Kinanda kinaendelea. Mwenyekiti anashusha maikrofoni, halafu anaiinua tena.)

Kaseti nayo haikuwa na jina, ndugu wananchi. Ilisahauliwa tu dirishani, ikanikuta.

(Kondakta: "Mzee wa Didia! Tunaondoka, mzee!" Mzee Mabula ameliweka begi chini katikati ya uwanja, amelikalia. Bila kugeuka anapunga mkono: "Litangulie tu, kijana. Hajaanza kuimba huyu." Basi linapiga honi, linaondoka.)

Nimekuona, mzee. Basi limekwenda, na wewe umekalia begi la mtoto. Jumuiya imelipokea hilo.

(Shaaban anamgusa Mwenyekiti begani, anamwonyesha tena ibara ya kwanza.) Katibu ananikumbusha, na ana haki, kwamba tangu wimbo huu uanze hadharani hapa, ukimwondoa mpigaji mwenyewe, amezungumza mwanachama mmoja tu, na mwanachama huyo ni mimi. Ibara haikutoa nafasi kwa mwenye cheo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa katiba niliyoiandika kwa mkono wangu, natangaza kujifukuza uanachama wa Jumuiya ya Wasikilizaji wa Roki Ndefu, Katoro na Viunga Vyake, kuanzia sasa, na naomba kiti mahali popote palipo na nafasi. Mama Shadya, sogea kidogo.

Ahsanteni sana kwa kutonisikiliza.